Mtazame na mama: maelezo kwa anayebaki nyumbani na mzazi

Haya nawaandikia nyinyi mnaobaki nyumbani na mzazi: mume, dada, mama mkwe, shoga wa siku nyingi, yeyote yule ambaye usiku wa kwanza atakuwa chumba cha pili akisikiliza. Mimi ni mkunga, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwatembelea wazazi majumbani. Nikiingia, mara nyingi hali ni ile ile. Mtoto amezungukwa na watu, huyu anasifu nywele, yule anabishana pua imetoka upande gani. Mama kakaa ukingoni mwa kitanda, kaegemea ubavu mmoja kwa sababu mshono unamchoma, na kati ya wote waliomo ndani hakuna anayejua kama amekojoa tangu asubuhi.

Kumtazama mzazi ni kazi, na ina namna yake. Ukimuuliza anaendeleaje, atakwambia anaendelea vizuri. Nimelipata jibu hilo kwa wanawake waliokuwa wanahitaji kuongezewa damu. Kwa hiyo uliza mambo yanayohesabika au yanayoonekana. Umebadilisha pedi mara ngapi tangu alfajiri? Mara ya mwisho umekojoa saa ngapi? Kichwa kinauma? Wapi, nionyeshe kwa kidole. Jana usiku mtoto alipolala, na wewe usingizi ulikuja? Uliza asubuhi, uliza jioni, na usikilize mpaka mwisho. Wiki ya kwanza fanya hivyo kila siku hata akikuona msumbufu.

Kabla hamjatoka hospitali

Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila tatizo akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe tena angalau mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Tarehe hizo zipate mkiwa bado wodini. Wengi hupewa ya mtoto ya chanjo tu, na ya mama ikapotelea hapo.

Muulize muuguzi mambo machache na uyaandike kwenye simu yako. Presha yake ya mwisho ilikuwa ngapi? Alipoteza damu kiasi gani? Kondo la nyuma lilitoka zima? Alichanika, na kama alichanika ni daraja la ngapi? Madaraja yako manne. La 3 na la 4 yamefika kwenye misuli inayofunga haja kubwa, na mama huyo anahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi. Kama kundi lake la damu ni hasi na la mtoto ni chanya, uliza kama amechomwa sindano ya anti-D, ile inayomkinga mtoto wa mimba ijayo, maana inatakiwa ndani ya saa 72. Hakuna muuguzi mwenye akili timamu atakayekasirika kwa maswali haya, na akikasirika, uliza tena.

Damu

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo sababu inayoongoza ya vifo vya wazazi duniani.

Damu ya kawaida ina mwendo wake. Siku tatu nne za kwanza ni nyekundu, nzito, inazidi hedhi, na inaweza kuja na mabonge madogo. Baada ya hapo inapungua na kuwa ya waridi au kahawia, mpaka kama siku ya 10. Kisha inageuka ute wa manjano au mweupe unaoweza kuendelea hadi wiki ya 4 au ya 6. Harufu yake ni ya damu, nzito kidogo, lakini si ya uvundo. Mama akiinuka baada ya kulala saa nyingi, damu inaweza kumwagika ghafla, kwa sababu ilikuwa imetuama ukeni. Ikikatika baada ya dakika chache, hiyo haina neno. Na mtoto anaponyonya kizazi hujikaza, kwa hiyo tumbo linauma na damu inaongezeka kidogo. Maumivu hayo humzidi mama wa mtoto wa pili, wa tatu na kuendelea. Usimwambie "wewe si mgeni wa haya", maana yeye ndiye anayeumia zaidi.

Isiyo ya kawaida ni hii: pedi kubwa inalowa chapachapa ndani ya saa moja, na inayofuata nayo vivyo hivyo, au linatoka bonge linalozidi yai la kuku, au damu ilikuwa imeshapungua na kugeuka rangi, halafu wiki ya pili inarudi nyekundu na nyingi. Hii ya mwisho watu huidharau, wanadhani hedhi imewahi. Mara nyingi ni kipande cha kondo kilichobaki ndani, au maambukizi, na inatakiwa ionwe siku hiyo hiyo. Akiwa na kizunguzungu, jasho la baridi, moyo unakimbia au midomo imepauka, usikae kuhesabu pedi. Mpeleke.

Kizazi chenyewe unaweza kukipapasa, au yeye ajipapase. Akojoe kwanza. Alale chali, magoti yamekunjwa, kiganja kiwekwe chini kidogo ya kitovu na kibonyeze taratibu. Saa za mwanzo utakuta kitu kigumu, cha duara, usawa wa kitovu. Kwa wakati huo kizazi kina uzito wa karibu kilo moja. Kila siku kinashuka kama upana wa kidole, na ikifika wiki mbili huwezi tena kukishika juu ya mfupa wa kinena. Wiki ya 6 kinakuwa kimerudi karibu na ukubwa wake wa zamani. Kikiwa kigumu, kimejikaza na kinabana mishipa ya damu. Kikiwa laini, hukipati vizuri, na damu inatoka nyingi, kisugue kwa duara, kwa nguvu ya wastani, mpaka ukisikie kinajikaza chini ya mkono. Mtoto awekwe titini, mama akojoe kama anaweza, na wakati huo huo mtu mwingine awe anatafuta usafiri. Kusugua ni kwa ajili ya njiani. Safari iko pale pale.

Kwa nini nasisitiza mkojo? Kuna mama mmoja nilimtembelea siku ya pili, damu imeongezeka tangu asubuhi na nyumba nzima ina hofu. Nilipompapasa, kizazi kilikuwa juu ya kitovu na kimesogea upande wa kulia. Kibofu kilichojaa hukifanya hivyo: kinakisukuma, nacho kinashindwa kujikaza. Nikamuuliza amekojoa lini. Akaangalia chini. Alikuwa anajizuia tangu usiku kwa sababu mkojo ukigusa mshono unawaka moto, naye hakutaka kumwambia mama mkwe wake. Tukaenda chooni na jagi la maji ya uvuguvugu, nikamwambia amwage mbele taratibu huku anakojoa, maji yapoze mkojo kabla haujafika kwenye kidonda. Alikojoa mpaka akacheka. Niliporudi kumpapasa, kizazi kilikuwa katikati, kigumu, na damu ikatulia. Hilo jagi, au chupa ya plastiki yenye vitundu kwenye kifuniko, liweke chooni kabla hajarudi nyumbani. Na kama saa 6 zimepita tangu ajifungue au tangu mpira wa mkojo utolewe bila kukojoa, hilo ni la kuripoti.

Presha inayokuja mtoto ameshazaliwa

Watu wengi wanajua kifafa cha mimba. Wasichojua ni kwamba kinaweza kuja baada ya kujifungua, hadi wiki ya 6, hata kwa mama ambaye presha yake ilikuwa nzuri ujauzito mzima. Presha mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6, yaani wakati mmesharudi nyumbani na hakuna anayempima.

Dalili zake ni za kudanganya. Kichwa kinauma na paracetamol haikitulizi. Macho yanaona vimulimuli au ukungu. Maumivu yako juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, na yeye anadhani ni gesi. Uso na mikono vinavimba kuliko jana. Na kila mtu anasema, amechoka tu, hajalala. Ni kweli hajalala, lakini uchovu haumletei mtu vimulimuli machoni. Mkiweza kupata mashine ya presha, hata ya kuazima, mpime mara moja au mbili kwa siku wiki ya kwanza, akiwa ameketi, ameegemea, miguu iko sakafuni, na ametulia dakika 5. Ikifika 140/90 piga simu kituoni leo. Ikifika 160 ya juu au 110 ya chini, nendeni sasa hivi, hata kama anajisikia mzima. Akiwa na dalili hizo, nendeni hata kama mashine inaonyesha namba nzuri. Na ukifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe hii: "Amejifungua siku tano zilizopita." Nimeona wazazi wakikaa kwenye foleni ya watu wenye mafua kwa sababu hakuna aliyetaja uzazi, mtoto kaachwa nyumbani, na tumbo halionekani tena.

Homa na mguu

Kipimajoto kiwepo nyumbani. Nyuzi 38 au zaidi katika wiki hizi hazisubiri kesho. Homa inaweza kutoka kwenye kizazi, mshono, mkojo au titi, na kazi yako si kujua ni wapi. Baridi inayotetemesha, uchafu wenye uvundo, tumbo la chini linalouma likiguswa: yote safari ni moja. Wakati mwingine maambukizi makali huja bila homa, mama anakuwa tu na moyo wa mbio, anahema haraka na amechanganyikiwa. Huyo yuko hatarini kuliko mwenye homa.

Mwaka 1847, kule Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wa wodi yake ya wazazi wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama. Vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana, na wenzake wengi bado wakamkatalia. Kwa hiyo wageni wakikunja uso ukiwaelekeza kwenye maji na sabuni, uko pamoja na mtu mwenye heshima. Mama naye anawe kabla na baada ya kubadilisha pedi. Watu husahau ya kabla.

Kuhusu miguu: kuvimba yote miwili siku za kwanza ni jambo la kawaida. Mmoja ukivimba peke yake, ukauma kwenye kigimbi, ukawa na joto au wekundu, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usiukande, usiusugue. Mpeleke. Kifua kikibana ghafla au pumzi zikimpungua, ita gari la wagonjwa. Hatari hii humzidi aliyepasuliwa, na dawa yake ya kwanza ni kutembea kidogo kidogo tangu siku ya kwanza. Kulazwa kitandani wiki nzima "apumzike" si kumsaidia.

Karatasi ya mlangoni

Wale ninaowatembelea huwa nawaandikisha karatasi moja na kuibandika nyuma ya mlango wa chumba. Ina mambo ya kwenda hospitali bila kikao cha ukoo:

pedi inalowa ndani ya saa moja, au bonge kubwa;
kichwa kisichotulia, macho yanaona vimulimuli, degedege;
kifua kinauma, pumzi hazitoshi;
joto nyuzi 38, au uvundo;
mguu mmoja umevimba na unauma;
mshono umeachia au unatoa usaha;
anasikia au anaona yasiyokuwepo, au anasema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Chini yake andikeni namba ya kituo, namba ya mwenye gari, na jina la atakayebaki na watoto wengine. Hili la mwisho ndilo linalowachelewesha watu saa moja nzima mlangoni.

Mshono, choo na tumbo

Aliyechanika au kuongezewa njia: wakati wa kunawa ni maji safi tu, ya uvuguvugu, na kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hivi hata kama haijajaa. Siku mbili tatu za kwanza barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, dakika 10 mpaka 20, inapunguza uvimbe. Isigusane na ngozi moja kwa moja. Nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo akiona kipande cha uzi kwenye pedi asishtuke. Maumivu yanatakiwa yapungue kila siku. Yakigeuka na kuongezeka, mtu aangalie pale penyewe, kwa mwanga. Usimwache akisie kwa kupapasa.

Paracetamol na ibuprofen zinaruhusiwa kwa wengi wanaonyonyesha, mradi hakuna sababu ya kumzuia, mfano vidonda vya tumbo au figo kwa ibuprofen. Kodini asitumie wakati ananyonyesha. Inapita kwenye maziwa na inaweza kumlegeza mtoto mpaka kupumua kumshinde. Na mwambie ameze dawa kwa saa zilizopangwa. Anayesubiri maumivu yamzidi ndipo ameze, hukaa siku nzima anayakimbiza.

Choo cha kwanza kinaogopwa kuliko uchungu wenyewe. Kwa kawaida huja siku ya 2 au ya 3. Maji ya kutosha, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa zianze mapema, na kama mshono ni mkubwa omba dawa ya kulainisha choo wakati wa kutoka wodini. Chooni, kama ni cha kukaa, aweke miguu juu ya kigoda, ainame mbele, na ashike pedi safi juu ya mshono akiukinga kwa kiganja. Asijikamue. Mshono hautafumuka kwa kwenda haja, na mwambie hivyo kwa maneno, kwa sababu ndicho anachokiwaza.

Aliyepasuliwa amefanyiwa operesheni kubwa na bado anaamka usiku kunyonyesha. Asinyanyue kitu kinachozidi uzito wa mtoto wake mpaka wiki ya 6. Akikohoa au kucheka abane mto tumboni. Akitoka kitandani alale ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Kidonda kikauke vizuri baada ya kuoga, nguo ya ndani ipite juu yake na isikikate katikati. Mtoto umpe wewe mkononi. Kila safari ya kuinama kitandani inamgharimu.

Matiti

Siku za kwanza ni dang'a, kidogo kwa wingi, na kinatosha. Maziwa hujaa kati ya siku ya 2 na ya 4, matiti yanakuwa magumu na ya moto. Mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, kabla ya kumwona analia. Chuchu ikipasuka, angalia mtoto anavyoshika kabla hujanunua mafuta: mdomo wazi kabisa, sehemu kubwa ya duara jeusi imo ndani, kidevu kimegusa titi. Maumivu yanayoendelea kunyonya kote ni dalili kwamba hajashika vizuri. Mama apitishe kidole pembeni ya mdomo, amtoe, waanze upya.

Eneo likiwa jekundu, gumu na linauma, anyonyeshe kama kawaida. Kitambaa baridi, ibuprofen, mguso mwepesi. Kukanda kwa nguvu, ambako bibi zetu na hata sisi wakunga tulikuwa tunashauri, kunaongeza uvimbe. Homa ikiwepo na siku moja ikapita bila nafuu, atahitaji dawa ya kuua vijidudu. Na kama ameamua kutonyonyesha, au ameshindwa, sidiria inayokaa vizuri na kitambaa baridi vitamvusha, na watu wa nyumbani wamwache kwa amani.

Usingizi na akili

Usingizi ni dawa, na wewe ndiye unayeigawa. Panga usiku hivi: mama ananyonyesha, wewe unapokea mtoto, unambeulisha, unambadilisha nepi, unamlaza, naye anarudi kulala papo hapo. Kama kuna maziwa yaliyokamuliwa au mtoto anatumia chupa, mlo mmoja wa usiku uchukue wewe peke yako, ili apate saa 4 au 5 za mfululizo. Tofauti utaiona asubuhi usoni kwake. Wageni nao wawe na saa zao. Anayekuja kumshika mtoto huku mama anapika chai hajaja kusaidia. Mpe sinki la vyombo kwa upole.

Kati ya siku ya 3 na ya 5 atalia. Atalia kwa sababu ya tangazo la redio, kwa sababu soksi ya mtoto ni ndogo. Homoni zimeshuka ghafla, mwili umechoka, na hali hii huwapata wazazi walio wengi. Kaa naye, usimpe hotuba. Inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili.

Ikipita wiki mbili, au ikaanza baadaye wakati wowote ndani ya mwaka ule, hiyo yaweza kuwa sonona. Humpata zaidi ya mzazi mmoja katika kila 10. Haiji na machozi lazima. Wengine wanakuwa wakavu, wanafanya kila kitu cha mtoto kwa usahihi bila kumtazama usoni. Wengine ni hasira. Wengine ni hofu, anaamka kila dakika kusikiliza kama mtoto anapumua. Swali langu la usingizi la mwanzoni nililiweka kwa ajili hii: mzazi mzima akipewa nafasi ya kulala, analala. Asiyelala hata nyumba ikiwa kimya, hata mtoto yuko mikononi salama, ana jambo.

Kuitafuta sonona, kliniki nyingi hutumia maswali 10 ya Edinburgh, yaliyotolewa mwaka 1987. La mwisho linauliza kama wazo la kujidhuru limewahi kumjia, na wewe unaweza kuliuliza nyumbani, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili tu. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akisema ndiyo, usishangae mbele yake, usimkumbushe jinsi mtoto alivyo baraka. Mshukuru kwa kukwambia, usimwache peke yake, na mwende kwa daktari leo. Sonona inatibika kwa mazungumzo na kwa dawa, na zipo dawa anazoweza kutumia huku ananyonyesha.

Ipo hali nyingine, adimu, mmoja au wawili katika wazazi 1,000, na huja haraka, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza: halali kabisa na haoni haja ya kulala, anaongea mbio, anashuku watu, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au amepewa ujumbe. Hii ni dharura sawa na damu. Asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika ya kwenda chooni, na apelekwe hospitali saa hiyo. Wanaotibiwa mapema hupona vizuri. Wanaozungushwa kwanza kutafuta nani kamroga hupoteza siku ambazo hawakuwa nazo.

Baba naye anaweza kuugua sonona katika miezi hii. Kama unayesoma ni wewe, jipeleke.

Wiki ya 6 na kuendelea

Misuli ya nyonga aanze kuifanyia kazi mara tu inapowezekana bila maumivu: abane kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa pamoja, ahesabu taratibu, aachie, arudie mara 10, mara tatu kwa siku. Tumbo, matako na pumzi vitulie. Mkojo ukiendelea kumtoka akikohoa baada ya miezi mitatu ya zoezi hili, aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa viungo. Wanawake wanabeba tatizo hili miaka 20 wakiamini ndiyo uzazi wenyewe.

Tendo la ndoa halina tarehe. Damu iwe imekatika, kidonda kimepona, na yeye mwenyewe anataka. Sharti hili la tatu mume asiliruke. Kunyonyesha kunakausha uke, kwa hiyo kilainishi kinachotokana na maji kinasaidia sana. Mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi, kwa asiyenyonyesha hata kabla ya wiki ya 6. Kunyonyesha kunakinga kwa takriban asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu bila kingine mchana na usiku, na hedhi haijaonekana. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 za kujifungua au kuanzia wiki ya 4. Vidonge vyenye homoni mbili anayenyonyesha asivianze kabla ya wiki ya 6.

Siku ya kliniki ya wiki ya 6, mwende na maswali yenu yameandikwa, maana dakika ni chache na mtoto atalia. Presha ipimwe. Wingi wa damu uangaliwe kama alipoteza nyingi. Aliyekuwa na kisukari cha mimba apimwe sukari upya, kwa kipimo cha kunywa glukosi, hata kama anajisikia mzima, kwa sababu yeye yuko katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu miaka ijayo. Mshono uangaliwe kwa macho.

Karibu mwezi wa tatu nywele zitaanza kung'oka kwa mafungu kwenye kitana, na atakuonyesha kwa hofu. Zile nywele zilizokataa kudondoka wakati wa ujauzito sasa zinaondoka kwa pamoja, na zitaota tena bila dawa yoyote ndani ya mwaka. Kama pamoja na nywele ana uchovu usioisha, moyo unaodunda hovyo, au anahisi baridi wakati wenzake wana joto, mpeleke apimwe damu na tezi ya shingo.